Nondo za mm 12 zimekuja nyembamba, muuzaji hataki kurudisha hela

Shikamoo anko,

Naomba unisaidie haraka maana ujenzi umesimama na kila mtu ana maneno yake. Najenga nyumba ya ghorofa moja, msingi na kuta za chini zishaisha, sasa hivi tupo kwenye bimu, ile mihimili ya zege ya kubeba slabu, yaani sakafu ya juu. Nondo za msingi nilichukua kwa mtu mwingine, safari hii nikaelekezwa kwa sapulaya ambaye bei yake ilikuwa chini kidogo na usafiri anatoa yeye, nikachukua za mm 12 na za mm 16 kwa pamoja, nikalipa sehemu kubwa kwenye akaunti ya duka, ikabaki kiasi tulichokubaliana nitamalizia slabu ikishamwagwa. Mzigo ulivyofika sikuwepo saiti, aliyepokea ni fundi mkuu, akahesabu pisi zikatimia akasaini delivari noti, kopi tunayo.

Shida imekuja fundi wa nondo alipoanza kukunja. Ana ubao wake una pini mbili za chuma, anapitisha nondo katikati ndo anakunja, sasa zile za mm 12 zilizobaki za msingi zikiingia pale zinakaza vizuri, hizi mpya zinacheza, unasikia kabisa zinagonga kwenye pini. Ukizilaza mbili pamoja tofauti unaiona kwa macho. Jirani ana venia, kile kifaa cha kupimia unene, akaja kupima, ikasoma 10 na pointi, akasogeza mbele kidogo ikasoma 11 na kitu, akaigeuza ikarudi 10. Za mm 16 hazina tatizo.

Nikampigia sapulaya. Kwanza akasema haiwezekani. Nikamtumia picha akasema mnapima kwenye mabonde, pimeni juu ya yale matuta. Nikamwambia hata juu ya matuta haifiki, ndo akageuza maneno, eti "dada hizo ndo 12 za sokoni, ungetaka full ungesema full na bei yake ungeiona". Anko, invoisi yake imeandikwa nondo mm 12 basi, hakuna cha sokoni wala cha full. Nikasema njoo uchukue mzigo wako unirudishie hela yangu, akanijibu soma chini ya risiti, imeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi, halafu mmeshazikata. Ni kweli kama nusu hivi zimeshakatwa, nyingine zimeshafungwa kwenye bimu, ila zege bado. Mwisho akaja na ofa ya kunipunguzia kwenye ile baki yake ili tuyamalize.

Mume wangu anasema tuchukue hilo punguzo tumwage, mbao na mirunda tumekodi na inakula hela kila siku. Fundi mkuu anasema tuongeze nondo moja moja kila bimu itakuwa sawa tu. Injinia aliyetuchorea bado hajaambiwa. Mimi nataka hela yangu. Naweza kuipata? Na hizi zilizokatwa zinahesabika? Na hiyo baki nimlipe au nisimlipe?

Mama mjenzi

JIBU

Marahaba mwanangu.

Zege lisimwagwe. Nalitanguliza hilo kabla ya habari ya hela kwa sababu mbili, ya kwanza mnaijua wenyewe, juu ya hiyo bimu watakaa watu. Ya pili ndo watu huwa hawaifikirii: nondo ikishaingia kwenye zege ushahidi wako umezikwa, hakuna wa kuipima tena bila kubomoa, na huyo bwana analijua hilo vizuri sana, ndo maana ofa ya punguzo imepatikana haraka wakati hela ya kurudisha haipatikani. Yeye anachohitaji ni nyie mmwage tu.

Sasa hiyo venia iwekeni pembeni. Mtabishana matuta na mabonde mpaka mchoke, maana nondo yenye matuta haina unene mmoja, ukiishika hapa inasoma hivi ukiisogeza inasoma vile, na muuzaji atachagua namba anayoipenda. Nondo inahukumiwa kwa uzito. Ikiitwa mm 12 maana yake ni kwamba mita moja yake ina chuma sawa na mita moja ya fimbo laini ya duara yenye kipenyo cha mm 12, matuta na mabonde yote yakishajumlishwa humo, na chuma hicho kina uzito wa gramu 888. Hesabu yake hata mtoto wa shule anaifanya, chukua kipenyo kizidishe kwa chenyewe halafu gawa kwa 162, unapata kilo kwa mita. 12 mara 12 ni 144, gawa kwa 162, hiyo hapo 0.889. Kwa njia hiyohiyo ya mm 16 inakuja kilo 1.58, ya mm 10 kilo 0.617, ya mm 8 kilo 0.395. Hapo hamna ya sokoni wala ya full, chuma ni chuma.

Kwa hiyo nondo nzima ya mm 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa ikae kwenye kilo 10.66. Viwango vinaruhusu ipungue kidogo, kwa saizi hii ni kati ya asilimia 4.5 na 6 kutegemea mnafuata kiwango kipi, maana yake hata ukimwonea huruma yote muuzaji, nondo ya urefu huo haitakiwi ishuke chini ya kilo 10. Za kwako kama kweli zipo kwenye 10.7 hivi jinsi venia inavyodokeza, zitasoma kilo 8 na nusu. Hiyo ni moja ya tano ya chuma haipo. Katika kila nondo tano ulizolipia, moja hujaletewa kabisa, na ukiongea naye liseme hivyohivyo, maana "nyembamba" ni neno la kubishania lakini kilo ni hesabu.

Kupima kwenyewe kunataka utulivu kidogo. Usianze kukata nondo nzima ambazo bado hazijaguswa, hizo zibaki kama zilivyokuja. Tumia vipande ambavyo fundi ameshakata, chagua vilivyonyooka vyenye mwisho uliokatwa sawasawa, virefu kama mita moja au zaidi, vitoke kwenye nondo tofauti na kama bando zilikuwa zaidi ya moja basi kila bando itoe chake. Pigeni brashi ya waya kama kuna kutu, maana atasema kutu imekula uzito, kutu ile ya juu juu haiwezi kula moja ya tano ya chuma lakini mnyime hata hilo la kusema. Pima urefu kwa tepu ya chuma, weka kwenye mzani wa dijitali unaosoma gramu, piga picha moja inayoonyesha kipande, tepu na namba ya mzani. Halafu kipande cha zile nondo za msingi na chenyewe mkipime siku hiyohiyo mzani huohuo, kikitoka karibu na gramu 888 kwa mita basi hakuna atakayesema mzani wako mbovu. Na kabla hujasahau, tafuteni ile lebo iliyokuja imefungwa kwenye bando na yale maandishi yaliyochapwa kwenye chuma chenyewe, yale yana alama ya kiwanda na mara nyingi saizi. Kama kwenye chuma hamna alama yoyote, kipigie picha na hicho.

Kabla ya siku ya kupima mwandikie sapulaya aje au atume mtu wake, mtaje siku na saa. Akija vizuri, pimeni wote, andikeni namba kwenye karatasi msaini. Asipokuja umeshampa nafasi na meseji ipo.

Nikija kwenye hela. Maneno ya "mali ikishauzwa hairudishwi" yanatisha kuliko yanavyofanya kazi. Sehemu nyingi yanamzuia mtu aliyenunua akabadili mawazo, mfano umechukua rangi ya bluu ukifika nyumbani ukatamani kijani. Hayamfichi muuzaji aliyeandika kitu kimoja kwenye invoisi akaleta kingine. Sheria ya mauzo ya bidhaa ya Uingereza ya mwaka 1893, ambayo nchi nyingi zilizotawaliwa na Mwingereza zilirithi, iliweka wazi kwamba bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ifanane na maelezo hayo, na nchi nyingine zina sheria zao zinazofika palepale kwa njia yake. Invoisi yako imesema mm 12. Yeye mwenyewe amekwambia kwa mdomo wake kwamba alicholeta ni kitu kingine cha bei ya chini. Mwanangu hicho ndo kitu kikubwa kuliko vyote ulivyoniandikia na umekipitia tu kama habari ya kukuudhi! Mtumie meseji leo, usimtukane, andika tu hivi: "Kama ulivyoniambia kwenye simu kwamba nondo ulizoleta ni 12 za sokoni na siyo mm 12 kamili, naomba unithibitishie, kwa sababu invoisi yako inasema mm 12." Akijibu lolote, hata akijibu kwa hasira, umeshapata maandishi. Akinyamaza nayo inasomeka.

Na ile saini ya fundi isikunyime usingizi. Alisaini idadi ya pisi, hakuna anayepokea lori zima la nondo anapima moja moja getini, na sheria za aina niliyotaja zinampa mnunuzi nafasi ya kukagua kabla ya kuhesabiwa amekubali mzigo. Lakini hapohapo kuna upande wake wa pili, ukikaa muda mrefu kimya, au ukiendelea kuutumia mzigo ilhali umeshajua una kasoro, unahesabiwa umeukubali. Kwa hiyo kuanzia sasa hivi fundi asikate hata moja. Zilizo nzima zilazwe peke yake juu ya mbao, zilizokatwa pembeni, zilizofungwa kwenye bimu zipigwe picha zilivyo, na kila kundi lihesabiwe.

Zilizokatwa zinahesabika ndiyo, ila usitegemee atazipokea kwa mkono mmoja na zile nzima. Nondo nzima unadai hela yote ya kwake maana anaweza kuzichukua akazirudisha kiwandani au popote alipozitoa. Za kukatwa hazirudishiki kama zilivyokuja, hapo unadai fidia ya hasara, na hoja yako ni kwamba kasoro isingeonekana bila kuanza kuzikunja, kwani ndivyo fundi wako alivyoigundua. Atakwambia nitalipa nzima tu, utamjibu zote, na kama mtafika kwenye kuachiana basi achia kwenye hela ya ufundi ya kukata na kufunga, au kwenye kukubali bei ya chuma chakavu ikatwe kwenye hizo fupi. Nondo zenyewe usiziachie. Nimeona watu wakikomalia hela ya vibarua mpaka shauri zima likaharibika, wakati hiyo ndo ngumu zaidi kuithibitisha na wala siyo kubwa.

Punguzo mimi silitaki, nakwambia wazi. Punguzo ni la kigae chenye mkwaruzo utakachokiweka nyuma ya kabati. Kwenye nondo ya bimu hela unayopunguziwa haiongezi chuma, nyumba inabaki na upungufu uleule na wewe umeshasaini kwamba mmeyamaliza.

Ushauri wa fundi mkuu wa kuongeza nondo moja moja una chembe ya ukweli, simdharau. Nondo nne za mm 12 kamili ukijumlisha eneo la vichwa vyake ni kama milimita za mraba 452, na tano za hizo nyembamba zinakuja kama 450, kwa hiyo kwa hesabu ya eneo peke yake amepatia. Ila bimu haiendi kwa eneo peke yake, nondo zikisongamana zege linashindwa kupita katikati yake, na kibaya zaidi hujui hicho chuma kina nguvu gani, maana kiwanda kilichopunja unene hakuna aliyekuhakikishia kwamba ubora wa chuma hakikuugusa. Hiyo inajulikana maabara kwa kukivuta mpaka kikatike. Anayeweza kusema ndiyo au hapana ni injinia wako, mpigie leo hii, na umuombe akuandikie ukurasa mmoja tu: kwenye mchoro aliweka nini, saiti amekuta nini, kinafaa au hakifai. Karatasi hiyo ina uzito kuliko sauti za sisi wote tukiunganishwa. Na ikitokea akakubali kuongeza, nondo za kuongezea analeta sapulaya kwa gharama yake, siyo wewe.

Baki usimlipe kwa sasa, ila usimkimbie wala usimzimie simu, ukikaa kimya kesho yeye ndo atakuwa mdai na wewe mdaiwa sugu. Mwandikie kwamba hela yake ipo, unaishikilia mpaka suala la nondo liishe, na utaikata kwenye kile anachotakiwa kukurudishia. Za mm 16 usizitie doa kabisa kama kweli zipo sawa, zipime na zenyewe kwa mzani, zikiwa salama mwambie salama. Mtu anayekubali kizuri anaaminika akikataa kibaya.

Hiyo barua ya madai iwe fupi. Tarehe ya invoisi na namba yake, ulichonunua, tarehe kilipofika, vipimo vilivyotoka, kiasi cha hela unachodai kwa nzima na kwa zilizokatwa, na siku alizonazo za kujibu, wiki moja mpaka mbili inatosha. Ambatanisha picha na karatasi ya injinia. Mambo ya ulivyoumia na mume alivyosema usiyaweke. Peleka kwa mkono dukani wakugongee muhuri kwenye kopi yako, na tuma kwa njia nyingine pia ili asiseme hajaona.

Akikubali kurudisha, hapo ndo wengi wanaibiwa mara ya pili. Lori linakuja asubuhi, mzigo unapakiwa, hela "bosi anatuma jioni", na jioni simu haipokelewi. Mzigo hautoki saiti mpaka hela iwe imeingia, na ukishindwa kabisa basi utoke kwa mafungu, hela ya fungu hili ndo fungu linaondoka. Hata ukirudishiwa yote baki na vipande viwili vitatu vilivyosainiwa na pande zote mbili mpaka suala liwe limefungwa. Akisema abadilishe badala ya kurudisha hela, si vibaya, lakini mpya zipimwe kwa mzani palepale dukani kwake kabla ya kupanda lori, na kwenye invoisi mpya mwambie aandike saizi, urefu na kilo. Akigoma kuandika kilo umeshapata jibu lako. Akikwambia hela ibaki dukani utachukua mali nyingine siku za mbele, hapo kataa, huyo umeshamjua.

Akikataa vyote, kuna sehemu tatu za kugonga na unaweza kuzigonga kwa pamoja. Shirika la viwango la nchi yako, maana nondo pungufu siyo ugomvi wenu wawili tu, ni bidhaa inayouzwa kwa wengine. Kiwanda, kama alama yake ipo kwenye chuma, viwanda vingi vinalinda jina kuliko wauza duka, na vikisema alama ni ya kughushi basi kesi ya sapulaya imekuwa nzito zaidi. Halafu mahakama au baraza la madai madogo kama lipo na kiasi chako kinaingia humo, mara nyingi huhitaji wakili, unahitaji karatasi, na karatasi kwa hatua hiyo utakuwa nazo. Kumuanika mtandaoni kwa jina kabla ya vipimo kusainiwa usifanye, atakugeuzia kibao akushtaki wewe kwa kumchafua na shauri la nondo litasahaulika.

Mwambie na mumeo hili la mbao na mirunda. Ongeeni na mwenye navyo leo, wengi wanakubali kushusha bei ya kukodi saiti ikisimama kwa sababu ya kueleweka, au mrudishieni mirunda isiyobeba bimu, mbaki na ya bimu na mbao zake tu. Risiti za kukodi za siku hizi za kusimama zitunzeni peke yake na ziingizeni kwenye barua kama mstari wa mwisho wa madai. Inawezekana mkalipwa, inawezekana msilipwe, lakini ukiacha kuandika sasa baadaye huwezi kuziongeza. Na injinia akisema hazifai, fundi wa nondo mwambie afungue zile bimu taratibu bila kukata waya ovyo, ringi, zile zinazozungushiwa nondo za bimu, kama ni za mm 8 na zimetoka kwenye mzigo mwingine anaweza kuzitumia tena.